Panas Hardzei na Vigingi vya Mwerebi

Baba yetu, marehemu Panas Yukhimavich Hardzei, hakupiga hatua bila kwanza kugonga chini mara mbili kwa fimbo yake. Aligonga kinamasini, ambako ni lazima. Aligonga pia jikoni, kanisani, na mwezi uliopita kwenye korido ya hospitali. Muuguzi alicheka, akamwambia, "Mzee, hii sakafu ni zege." Baba akamjibu, "Binti yangu, wote waliozama walisema hivyo hivyo."

Alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Aprili 1948, hapa Astravok, mtoto wa tatu kati ya watano wa Yukhim na Hanna Hardzei. Maji ya masika yalikuwa yamefika vizingitini, na mkunga aliletwa kwa mtumbwi hadi dirishani. Bibi Hanna alipenda kusema kwamba mtoto huyu alisikia vyura kabla ya kusikia sauti ya mama yake.

Alisoma Drazdova, ng'ambo ya kinamasi, kuanzia mwaka 1955 hadi 1963. Njia ya kwenda shule ilikuwa ile ya mababu: mstari wa mierebi. Desturi hiyo kila mtoto wa hapa ameikuta. Ukipata mahali pagumu pa kukanyaga, unachomeka tawi bichi, linashika mizizi, na njia inawabakia watakaokufuata. Mwaka 1966 alihitimu mjini Pinsk kama msaidizi wa wapima ardhi, kwa alama ambazo babu aliziweka ukutani kando ya sanamu takatifu.

Masika ya 1967 aliajiriwa katika kikosi cha kukausha vinamasi. Alipewa kazi ya kuchomeka vigingi vya mfereji mkubwa, kilomita tisa kupita katikati ya kinamasi chetu. Vigingi vya msonobari mkavu viliishia kilomita ya tatu, mpakani mwa Drazdova. Vilivyobaki alivikata mwenyewe njiani, vya mwerebi, akavichomeka upande mnene chini, kama alivyofundishwa nyumbani. Mashine zilianzia Drazdova na kutufikia baada ya masika mawili. Wachimbaji hawakuona vigingi. Waliona vichaka katikati ya vichaka, na ayala wakubwa wakitafuna majani yake. Mkuu wa kikosi alitokea mbele ya watu wote, matope hadi kiunoni.

"Hardzei! Mstari wangu uko wapi?"

"Upo hapo hapo, mkuu. Umeota tu."

Alifukuzwa siku hiyo, na cheti chake cha Pinsk kikafutwa. Kwa kukosa mstari wa kufuata, mashine zilipelekwa kwingine kabla hazijaharibikia hapa, na kila mwaka zikaahirishwa kurudi, mpaka zama zikabadilika na kinamasi kikawekwa chini ya ulinzi. Baba hakupima ardhi tena. Alichunga ng'ombe na kukata nyasi katika shamba la pamoja kwa miaka kumi na miwili, watu wakimwita Panas Kigingi, na wengi walisema kwa dharau, si kwa utani.

Mwaka 1974 alikwenda Drazdova kuposa. Mashamba mapya ya huko yalikuwa yakitoa viazi vikubwa kama vichwa vya ndama, na sisi wa Astravok tulikuwa tukiitwa vyura. Mzee Tsikhan, babu yetu mzaa mama, alimpokea akiwa mlangoni.

"Nimpe binti yangu mtu asiyejua mti mbichi na mkavu?"

Mama Ulyana alikuwa ndani akikanda unga. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Baba, mwangalie miguuni. Amevuka kinamasi chote na viatu vyake vikavu."

Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba mwaka huo, wakaishi pamoja miaka arobaini na tisa.

Kuanzia 1981 hadi 2008 alikuwa mlinzi wa kinamasi. Mimi na kaka yangu Ryhor tulilelewa na kazi hiyo. Alitupeleka Aprili kuwaona vyura madume wanapogeuka buluu kwa siku chache tu, kisha wanarudi kuwa vyura wa kawaida. Alitulaza kifudifudi tuutazame mmea mdogo unaowanasa mbu kwa umande wa gundi, naye akisema tusiwaonee mbu huruma, wamekula wengi wetu. Alitufundisha kunyamaza korongo wa kijivu wanapoimba kwenye ukungu. Vuli tulichuma zhuravini, vitunda vyekundu vya kinamasini, na kwa pesa za zhuravini hizo nilisomea ualimu mjini Brest.

Kiangazi cha 2002 ardhi iliyokaushwa ya Drazdova, ambayo ni mboji tupu ya kinamasi, iliwaka moto chini kwa chini kwa wiki saba. Visima vyao vilikauka. Walikuja na mikokoteni na ndoo, na baba aliwapokea mmoja mmoja, akiwaonyesha kisima kipi kina maji matamu. Hakuna aliyetamka neno vyura.

Mwaka 2009 kijiji kilitaka kumshukuru kwa kibao chenye jina lake. Mama Yauhinya, aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wote, alisimama kwenye mkutano.

"Panas, tuambie kabla sijafa. Ulijua, au hukujua?"

"Mama, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wa miaka kumi na tisa anajua nini?"

Watu walicheka, naye akakikataa kibao. Alisema huwezi kushukuriwa kwa kosa. Ilituuma. Tulitaka aondoke akiwa ameipokea asante yetu.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa wilayani, kisha akaomba kurudi nyumbani. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, na majirani waliomletea supu ya samaki hata alipokuwa hawezi kuila. Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa moja asubuhi, dirisha likiwa wazi upande wa maji.

Ameacha mjane, Ulyana, watoto wawili, Ryhor na mimi Alesia, wajukuu wanne, dada yake Nastassia, na kinamasi kizima. Ardhi hii laini na imlalie kwa upole, kama naye alivyoikanyaga.

Siku mbili kabla ya kufariki nilimnywesha chai ya zhuravini. Nilimwambia, "Baba, asante kwa kinamasi." Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema:

"Msalaba wangu uwe wa mwaloni mkavu, mwanangu. Ardhi hii ukiichomekea mti mbichi, unachipua. Hilo nalijua tangu nina miaka sita."