Kompyuta ya Binti Yake Pazia

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha mshona mapazia, na mbele yake ndipo Shangazi anapoweka birika lake la kahawa. Ukilitazama hulidhanii kitu. Lakini kaulize mtaa mzima: hakuna mashine iliyougua pale ikapelekwa kwa fundi wake kabla benchi halijaipasua tumbo. Limepasua redio, limepasua pasi, limepasua friji ya mjane wa kona, ambayo tangu siku hiyo inatunziwa viatu. Liliwahi kufungua saa ya ukutani ya shule, nayo ikarudi inakimbia kama inadaiwa, watoto wakawa wanatoka darasani jua bado changa. Walimu walilalamika, watoto wakaliombea benchi maisha marefu. Basi asubuhi hiyo benchi lilikuwa limejaa, kahawa inatoa moshi, na wote walikuwa wanamsubiri mwenye kibanda arudi kutoka dukani. Walimwita Pazia kwa ajili ya kazi yake, na hata mkewe alishaanza kumwita hivyo.

Alirudi kwa miguu, kompyuta kaikumbatia kifuani. Akaketi ukingoni mwa ubao, akaipakata.

— Haya, tupe habari, akasema Wakili. Wamekupa mpya?

Huyu Wakili aliwahi kuwa bawabu wa mahakama. Kesi zote za mji alizisikiliza kwa upande wa nje wa mlango.

— Wameikataa, akasema Pazia.

— Wameikataa kwa kifungu gani?

— Kifungu kipi, bwana wee? Kijana wa kaunta kaigeuza kifudifudi hata salamu sijamaliza. Kanionyesha skrubu ya katikati. "Mzee wangu, hapa palikuwa na stika. Imechanika. Hapo waranti ya duka imeshakufa."

— Hukumwambia inazimika yenyewe?

— Nimemwambia yote. Nimemwambia ikishika joto kidogo tu, skrini inakuwa nyeusi tii, na kila alichoandika mtoto kinapotea. Nimemwambia imeanza hivyo tangu siku tuliyoitoa kwenye boksi. Akanisikiliza vizuri kabisa, akasema, "Inawezekana, mzee. Lakini mmeifungua."

Macho yote yakamgeukia Volti, fundi wa redio. Volti naye akaona kuna jambo la maana sana chini ya kikombe chake.

Maana aliyeifungua ni yeye. Juzi jioni, ilipozimika kwa mara nyingine, Pazia hakukimbilia dukani. Angekimbiliaje dukani na benchi lipo? Aliileta hapohapo, kama watu wote. Volti akaibandua ile stika kwa wembe, taratibu, kwa madaha ya daktari mkuu; naye Setilaiti, muuza vocha, akapuliza ndani kwa mdomo, wakaifunga. Ikabaki skrubu moja. Volti akasema viwandani huwa wanatia za akiba. Walipoiwasha iliwaka, wakapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha ikazima. Hapo ndipo benchi zima lilipokata shauri kwa sauti moja: irudishwe dukani, ni haki yako!

— Sikiliza, Pazia, akasema Wakili, akikaa sawa. Usivunjike moyo. Kitu kikiuzwa kibovu, muuzaji hana pa kukimbilia. Akitengeneze, akibadilishe, au arudishe fedha. Ndiyo haki ya mnunuzi. Hata wabandike ukutani tangazo kubwa kama shuka kwamba mali ikiuzwa hairudi, tangazo halifuti haki.

— Sasa hilo la stika je?

— Stika! Wewe ulitia saini kwenye stika?

— Sikutia.

— Basi! Mkataba bila saini ni karatasi ya kufungia karanga. Hiyo stika tunaweza kuishtaki yenyewe, ipande kizimbani, iulizwe ilibandikwa na nani na kwa nia gani.

— Itajibu kwa mdomo upi? akauliza Shangazi.

— Shangazi, wewe mimina kahawa, mambo ya sheria tuachie.

Shangazi akamimina. Alikuwa mama wa makamo, haongei sana, na kwa sababu hiyo benchi lilimhesabu kuwa hajui kitu.

— Mnazunguka nje ya jambo, akadakia Setilaiti, ambaye habari za dunia humfikia kabla hazijatokea. Stika ile ni mtego. Kwa nini waibandike juu ya skrubu ya katikati? Kwa nini ing'ae? Wanajua binadamu akiona kitu kinang'aa lazima atakwaruza. Wameajiri wasomi kabisa wa kupima ukucha wa mteja!

— Ala!

— Tena kuna zaidi. Mnafikiri ile ni kompyuta mpya?

— Ilikuwa kwenye boksi, akasema Pazia. Na nailoni yake.

— Nailoni si kitu. Nawaambieni, mjini humu kuna kompyuta moja tu.

— Moja vipi?

— Moja! Inauzwa, inazimika, inarudishwa, inapanguswa, inavalishwa nailoni, inauzwa tena. Inazunguka nyumba kwa nyumba kama jini. Leo ipo kwako, mwezi ujao utaiona kwa mwalimu.

— Na kompyuta za benki je? Zote zile?

— Umewahi kuziona zikiwaka kwa pamoja?

Wakacheka mpaka ubao ukatikisika, na Volti naye akacheka, maana mazungumzo yalikuwa yanakwenda mbali na wembe wake. Pazia peke yake hakucheka. Alikuwa anaupapasa mfuniko wa ile mashine kwa kiganja, kama mtu anavyolipapasa paji la mtoto mwenye homa.

Binti yake alikuwa amemaliza chuo, akatembeza vyeti mji mzima mpaka visigino vya viatu vikaisha upande. Mwishowe kampuni moja ikamkubali kuandika barua na kumbukumbu za mikutano yao, akiwa nyumbani. Sharti lilikuwa moja: awe na kompyuta yake, nzima. Kazi inaanza kesho. Pazia alikuwa na cherehani mbili; akauza ile ya kufunga pindo, akanunua kompyuta. Sasa pindo za mapazia alizishona kwa sindano ya mkono, usiku macho yakimwuma, na alikuwa anashona huku anaimba, kwa furaha ya kuona mtoto anaingia kazini.

— Mimi nasema twende sote, akasema Wakili, sauti imepanda. Benchi zima! Tusimame pale kaunta, mimi nizungumze sheria.

— Mimi nawaambia wateja wote hadithi ya kompyuta moja, akasema Setilaiti. Duka litabaki tupu saa hiyohiyo!

— Mimi nitawaeleza mambo ya umeme, akasema Volti, naye amepata moto. Joto, mkondo, kondensa. Watajuta kunijua!

— Watapiga magoti!

— Watatuletea soda!

Pazia akainua kichwa.

— Meneja alitoka ndani nilipokuwa naondoka, akasema. Sikuwa nimewaambia hilo. Si mtu mbaya. Alisema, "Mzee, mlete huyo aliyeifungua. Aje aseme mbele yangu kwamba ilikuwa mbovu kabla hajaigusa, na kwamba ndani hakuharibu kitu, aandike na jina lake. Akisema hivyo, nakubadilishia." Duka linafunga mchana leo. Kwa hiyo twendeni.

Akasimama.

Hakuna aliyesimama.

— Twendeni, akasema tena.

— Leo leo? akauliza Wakili. Unajua, kaka, mambo ya sheria hayataki pupa. Halafu meneja kamtaka aliyeifungua. Mimi nikienda nitaonekana naingilia ushahidi.

— Mimi nina mteja wa vocha anakuja, akasema Setilaiti. Alisema nisibanduke.

— Mteja gani?

— Mteja. Yupo tu.

Pazia akamgeukia Volti. Akamkuta amerudi kutazama chini ya kikombe.

— Volti, ndugu yangu. Ni wewe tu. Maneno mawili.

— Maneno yapi?

— Kwamba ilikuwa mbovu kabla. Si uliiona?

— Hilo nililiona.

— Na kwamba hukuharibu kitu.

Volti akazungusha kikombe mkononi. Aliyekuwa anawaka sasa hivi, kapoa kama pasi iliyokatiwa umeme.

— Hilo sasa...

— Hilo nini?

— Pazia, mimi ni fundi wa redio. Redio nikiifungua naijua, hii nyaya, hii spika. Mle ndani mwa kompyuta nilikuta vitu vidogovidogo, vimelala kama mchele. Wembe uliniteleza mara moja. Ukagusa mahali.

— Mahali gani?

— Sijui. Pengine hapakuwa na kitu, pengine kilikuwepo. Haki ya Mungu sijui, kaka. Wakinitia kalamu mkononi niandike sikuharibu, nitakuwa naandika nisilolijua.

— Hukuniambia.

— Ulikuwa unanishikia tochi. Nilidhani umeona.

Pazia akaketi tena. Na kweli tochi alishika yeye, tena alikuwa anasema: fungua, fungua, wewe ndiye bingwa wetu. Alijaribu kukumbuka kama aliuona wembe ukiteleza, akakumbuka tu jinsi alivyojisikia vizuri, watu wamemzunguka, kompyuta ya mwanawe katikati, kila mmoja anataka kuigusa.

— Ungeipeleka moja kwa moja ikiwa na stika yake, akasema Shangazi polepole, wangeipokea?

Setilaiti akasema pengine kuna gundi ya kurudishia stika. Wakili akasema hiyo ingekuwa kughushi, akaanza kueleza adhabu yake, kisha naye akaacha katikati.

Ndipo binti alipotokea kwenye kona. Alikuwa amesuka nywele upya na kuvaa gauni lililopigwa pasi, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa nyumbani. Akawasalimia wote, mmoja mmoja, kwa heshima.

— Shikamooni. Shikamoo, baba. Shangazi, shikamoo.

— Marahaba, mwanangu.

Akaiona kompyuta mapajani mwa baba yake. Ileile, na mkwaruzo wake wa wembe pembeni. Hakuuliza chochote kuhusu duka. Simu ilikuwa mkononi mwake.

— Baba, kampuni wamenipigia nikiwa njiani. Wanasema kuna mwenzangu anasubiri nafasi, mwenye kompyuta yake. Wanataka kujua kama kesho naanza au wamchukue yeye. Nimewaomba dakika chache, watapiga tena mara moja tu. Niwajibu nini?

Pazia alifungua mdomo, akamtazama Wakili. Wakili alikuwa anafunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Akamtazama Setilaiti, Setilaiti akatazama barabara, kana kwamba yule mteja wake ameonekana. Volti alikuwa ameuficha mkono wa kulia chini ya paja. Benchi lililokuwa na jibu la umeme, la sheria na la majini, likasogea tu kumwachia binti nafasi.

— Baba?

— Keti kidogo, mama, akasema Pazia.

— Nikiketi niwaambie nini?

Simu ikaanza kuita mkononi mwake. Wote wakaitazama. Binti alimtazama baba yake tu, akingoja, kidole juu ya kitufe. Ikaita mpaka ikanyamaza yenyewe.