Marehemu Limbu Kapela, Aliyeyajua Magari Yote Asimiliki Hata Moja

Yamesomwa na mdogo wake, Hilari Kapela, makaburini Itetemia, Ijumaa tarehe 12 Februari 1982

Padri, wazee wa Itetemia na ninyi mliotoka Ipole, shikamooni. Wafiwa wenzangu, poleni. Ukoo umeniagiza niyaeleze maisha ya kaka yangu. Si rahisi mdogo kumsemea mkubwa wake, na kwangu ni vigumu zaidi kwa sababu nilimwonea wivu maisha yangu yote. Nalisema mapema ili asiwepo wa kunong'ona nyuma ya mgongo wangu. Karatasi mlizoshika zilipigwa chapa juzi na Eustadia wa ofisi ya parokia, wakati bado nina hasira, na hasira hizo mtaziona. Mwishoni nitaongeza maneno ambayo hayamo humo. Nilimwomba Eustadia azipige upya, akaniambia karatasi zimekwisha na niridhike na mdomo wangu.

Marehemu Limbu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1926 kijijini Ipole, mtoto wa kwanza wa Mzee Kapela, mrina asali. Mimi nilifuata mwaka 1931. Aliyetulea hasa ni babu, ambaye ujanani alikuwa mpagazi wa misafara. Alibeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo mara sita, na begani alikuwa na nundu ngumu kama kisigino. Limbu aliruhusiwa kuigusa nundu ile. Mimi niliambiwa ningoje nikue, na nilipokua babu alikwisha kufa. Jioni alitusimulia miiko ya njiani, nani hutangulia, nani hapiki, na mzigo gani haufuati mzigo gani. Limbu alisikiliza mpaka mate yakamdondoka. Mimi nilikuwa naitazama nundu tu.

Alisoma shule ya misheni tangu mwaka 1936 hadi 1939, akaishia darasa la nne. Hakuwa mjinga. Shida ilikuwa barabara, maana ilipita karibu na darasa. Siku moja katikati ya hesabu alisimama akasema, "Mwalimu, lile ni lori la Mansukh, limebeba chumvi, na mkanda wa feni umelegea." Mwalimu alimchapa viboko vitatu. Tulipotoka tulilikuta lori la Mansukh limesimama mbele kidogo, dereva kainamia injini, mkanda mkononi. Tangu siku ile kila dereva wa njia ya Sikonge alisimama pale shuleni kumwuliza Limbu lori lake linasemaje. Mimi nilikuja kuwa wa kwanza darasani miaka minne mfululizo, na hakuna lori lililosimama kuniuliza chochote.

Mwaka 1943 Mansukh, mfanyabiashara wa Tabora mjini, alimwajiri utingo, na mwaka 1949 akampa usukani. Alimtumikia mpaka 1967, kisha akaingia karakana ya serikali kama fundi na dereva, akastaafu mwaka jana mwezi Machi. Kwa miaka hiyo yote chombo alichomiliki ni baiskeli moja. Mimi nilikuwa karani mkuu wa ushirika wa tumbaku, nina meza, nina kalamu mbili mfukoni. Lakini mtu wa Urambo au wa Nzega akitaka kununua gari alipita mlangoni kwangu, akasema, "Habari za kazi, Bwana Hilari. Kaka yupo?"

Na kaka alikuwepo, kwenye kigoda chake katika ua wetu mmoja hapa Itetemia, tayari kutoa hukumu. Foksiwageni alisema ni gari la mwalimu: halina haraka na haliombi maji. Bedfodi alisema ni mke wa kwanza, hunung'unika lakini jungu liko jikoni. Mkewe akamwuliza, "Na wewe mume wangu, ni gari gani?" Akajibu bila kucheka, "Mimi ni tela. Injini ni wewe." Magari mapya ya Kijapani yalipoanza kuonekana mjini, watu walimzonga wakitaka neno. Akasema, "Ngojeni yanyeshewe mvua mbili, ndipo niseme." Landrova ndiyo aliyoiandama zaidi. Majid Hilali wa Ng'ambo, ambaye yupo hapa leo, alikuwa na Landrova, na Limbu alimtania miaka ishirini. "Hili ndilo gari la Ujamaa hasa," alisema. "Linamtikisa bwana mkubwa sawasawa na gunia la chumvi, wote mpaka figo."

Hata mambo ya dunia aliyapimia magari. Tulipopata Uhuru alisema sasa barabara zitatengenezwa. Miaka kadhaa, kila tukiingia shimoni alisema, "Hili la mkoloni." Baadaye aliacha kusema. Mtu hakumjua kwa salamu wala kwa kadi ya chama, alisema, "Mngoje gari lizime, uone nani anashuka kusukuma na nani anatafuta kivuli." Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vipya, alipangiwa lori la kuwabeba. Bibi mmoja wa Ipole aligoma kupanda bila mizinga yake ya nyuki. Limbu akaiziba midomo kwa majani alfajiri, akaipakia, akaendesha polepole maili thelathini huku akiwaimbia nyuki. Aliumwa mara tisa. Aliporudi hakutoa maoni juu ya lori wala juu ya safari, na sisi tuliomjua tulielewa. Na magari ya watu binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, wengine tulifurahia kulala. Yeye alisema mji umekuwa kiziwi. Alivaa kanzu safi akatembea hadi Ng'ambo kuyatazama yaliyoegeshwa, kama mtu anayeenda kuwajulia hali wagonjwa.

Tarehe 14 Juni 1952 alifunga ndoa na Veneranda. Mungu aliwajalia watoto wanne, wa mwisho akiwa Minza, ambaye sasa ni mwalimu na ambaye ndoa yake imepangwa Jumamosi tarehe 24 Aprili, baada ya Pasaka. Sina la kumwonea wivu katika ndoa. Hapana, ninalo. Nyumbani kwake watu walicheka wakati wa kula. Kwangu tulikula.

Sasa nifike kwenye gari langu. Mwezi Septemba 1969 nilinunua Pijo pikapu ya kijivu kwa daktari aliyekuwa anarudi kwao. Itetemia nzima hakukuwa na gari lingine la mtu binafsi. Niliingia nalo nyumbani saa kumi jioni, nikapiga honi, watu wakajaa. Lakini hawakulitazama gari. Walimtazama Limbu. Aliinuka kwenye kigoda, akalizunguka mara tatu. Akafungua boneti, akainama, akaifunga kwa upole. Akaweka sikio mlangoni wakati injini inazunguka. Nilisimama kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani. Limbu akanigeukia, akasema, "Hilari, Mama amekula?" Halafu akaenda zake kunawa.

Ndugu zangu, kwa miaka kumi na mbili na ushee nililingoja neno lake. Yeye aliyewapa hukumu wageni ambao hata majina yao hakuyajua, gari la mdogo wake hakulisemea baya wala zuri. Niliweka vitambaa vipya vya viti. Niliweka honi yenye sauti mbili. Nilimpakia mbele, nikapita makusudi kwenye rasta, vile vituta vya barabara ya Sikonge, nikamwuliza, "Unaonaje, kaka?" Akasema, "Mahindi ya huku yamestawi." Siku hiyohiyo akakaa saa nzima kumweleza mtu wa Kigwa habari za Bedfodi bovu ambalo halikuwa hata na milango. Nililala bila kula. Nilikuwa na gari, yeye hana. Lakini mwenye magari alikuwa yeye, na wote mlijua hivyo.

Mwezi Julai mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara mbili, kisha akawa anakwenda hospitali kila Jumatatu na kurudi. Nilimpeleka mimi, kwa Pijo yangu, na mnajua petroli ilivyo na foleni zake. Alikaa mbele, kichwa dirishani, akisikiliza. Hakusema neno juu ya gari. Alfajiri ya Jumanne tarehe 9 Februari, mkewe akiwa amemshika mkono, kaka yangu Limbu alifariki dunia nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Asubuhi ile nilitandika mkeka mpya nyuma ya pikapu. Nilijiambia, walau safari ya mwisho haitahitaji maoni yake. Jumatano nikamwona Majid anaingia uani na Landrova imeoshwa mpaka inatoa mvuke.

Nikamwambia, "Majid, ahsante, lakini marehemu ana mdogo wake, na mdogo wake ana gari."

Majid akavua kofia. "Bwana Hilari, mimi nimetumwa. Aliniita mwezi wa kumi na mbili, akaniusia mwenyewe. Akasema nimbebe mimi, na gari la Hilari lisiguse jeneza."

Lisiguse! Hapo ndipo nilipokwenda kwa Eustadia na kumsomea haya yote. Karatasi mliyoshika inaishia kwa maneno haya: "Marehemu alikuwa na maoni juu ya kila gari, na la mdogo wake alilikataa mpaka kaburini." Nimeyaandika mimi. Siwezi kuyafuta mikononi mwenu.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi. Jana alasiri nilikuwa naukunja mkeka ule, shemeji Veneranda akanijia na sahani ya ugali. Nikakataa. Akaketi kwenye bamba la nyuma la pikapu, na ufiwa wake wote, akasema, "Shemeji, babu yenu alikuwa anabeba nini?"

Nikamjibu, "Pembe. Kila mtu anajua."

"Na akibeba maiti?"

Sikuwa nimelikumbuka neno hilo miaka arobaini. Babu alisema wenzao wakifia njiani, aliyemchukua maiti hapewi mzigo mwingine wa heri msimu ule: bega lililobeba maiti halibebi mbegu wala bibi harusi mpaka mvua nyingine. Limbu alikuwa anasikiliza. Mimi nilikuwa naitazama nundu.

Shemeji akaendelea. "Alijua hafiki Pasaka. Akaniambia, 'Mimi Landrova itanitosha, mgongo hautaniuma tena. Pijo ya Hilari isinibebe, maana ndiyo ya kumpeleka Minza kanisani. Nimeisikiliza miaka yote. Tabora nzima hakuna gari lingine ninaloweza kumpa mwanangu.'"

Niliushika ukingo wa pikapu. Nikamwuliza, mbona hakuniambia mwenyewe, hata mara moja?

"Akuambie wewe?" shemeji akacheka huku analia. "Ungelitangaza mpaka Urambo. Watu wakisikia Limbu kalisifia, wangekuja kuliazima kila siku mpaka life. Alisema gari zuri halisifiwi nje, kama mtoto mchanga."

Basi nilikula ule ugali.

Majid, mbele ya watu hawa nakuomba radhi. Leo nimekaa nyuma ya Landrova yako, mkono juu ya jeneza la kaka yangu, na kutoka nyumbani mpaka hapa imenitikisa mpaka figo kama alivyokuwa akisema. Yeye hakulalamika. Wivu wangu haujaisha, nisiwadanganye. Sasa namwonea wivu Minza, kwa kuwa kaka aliyatamka maneno yale kwa ajili yake, na nikayasikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Lakini yalikuwa juu ya gari langu.

Marehemu ameacha mama yetu mzee, mjane wake Veneranda, watoto wanne, wa mwisho Minza, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na Pijo moja ya kijivu, ambayo leo nimeiacha nyumbani, imeoshwa, haijabeba kitu, inamngoja bibi harusi.

Lala kwa amani, kaka yangu. Mama amekula.