Fundi Sawasawa, Aliyetaka Kumridhisha Kila Mtu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama muuza vitambaa. Jina la Sawasawa alipewa na majirani, maana ukimwomba lolote alijibu "sawa" kabla hujamaliza kusema. Utotoni alikula chakula cha mchana kwa mama yake, kisha akala tena kwa mama yake mdogo, nyumba ya pili, asije mmoja wao akanuna. Tumbo likimuuma, alinyamaza.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975 akaingia karakana ya baba yake. Akawa fundi makochi hodari, ila ahadi zake, jamani! Siku moja wateja wawili walilifuata kochi moja, naye akajificha nyuma ya magodoro mpaka wakachoka kusubiri.

Mwaka 1988 alimwoa dada aliyefungasha dawa kwenye duka la mitishamba ya Kichina. Waliishi kwa mapenzi na utani mwingi.

Miaka mitatu iliyopita vipimo vilionyesha mafuta mengi kwenye damu. Daktari alimpa vidonge. Mkewe akamletea unga wa mchele mwekundu uliochachushwa, wa kukoroga kwenye uji, ila mwenye duka alikuwa amemwonya usichanganywe na dawa za hospitali. Kwa hiyo mkewe alimuuliza, "Baba, vidonge umeacha?"

"Nimeacha, mama."

Daktari naye akamuuliza, "Mzee, kuna dawa nyingine unatumia?"

"Hakuna, daktari."

Wote wawili wakaridhika. Yeye akawa anatumia vyote.

Misuli ilipoanza kumuuma, alisingizia kubeba makochi. Juni mwaka huu mkojo ulibadilika ukawa kama chai ya rangi, na figo zikagoma. Hospitalini mkewe alitoa kopo la unga mkobani. Daktari alilisoma, akavuta kiti.

"Mama, unga huu na vidonge vyetu kazi yake ni moja. Mwili umezidiwa."

"Basi nimemuua mwenyewe," alisema mkewe, akaangua kilio.

Mgonjwa akamshika mkono. "Hapana. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya na daktari. Usijibebeshe kosa langu. Na mkisoma habari zangu, hapa msiruke."

Alifariki tarehe 2 Julai asubuhi, mkewe akiwa kando yake. Imetuuma, na itaendelea kutuuma. Wapo ndugu waliotaka iandikwe tu kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mjane amekataa. Ameomba kila aliyefika hapa amweleze daktari wake kila anachokunywa, hata kama ni uji wa nyumbani, na asiogope kumuudhi mtu.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, binti mmoja, wana wawili wanaoendesha karakana, na wajukuu watano.

Pumzika kwa amani, ndugu yetu. Sasa huna tena wa kumridhisha.