Chafya ya Kinyumenyume

Basi lilipokata kona, mbwa aliyepakatwa na fundi cherehani alinyoosha shingo akaanza kukoroma, kama anayevuta chafya ndani badala ya kuitoa. "Dada, huyo anakata roho," alisema mzee aliyeketi kando yake. "Hapana, baba, ni chafya ya kinyumenyume tu, haimdhuru. Mara ya kwanza nililia njia nzima mpaka kwa daktari wa mifugo. Ndiye aliyenifundisha la kufanya." Fundi alimsugua mbwa koo taratibu, akamziba pua kidogo tu; mbwa akameza mate, akatulia. Mwenyewe alijisikia kama aliyeshinda kesi. "Ningekuwa mimi, ningemrudisha kwa daktari leo hii," mzee alishikilia. "Ikizidi dakika mbili nitampeleka, baba. Hii haikufika hata moja." Mzee alikuwa bado anabisha basi liliposimama. Fundi akashuka kifua mbele, mbwa kwapani.