Wimbo wa Juu ya Kisima

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la mbele ya duka la Fundi Antena, hujawahi kusikia watu watatu wakigombana asubuhi nzima juu ya jambo ambalo hata mmoja wao halijui. Benchi lenyewe lina miguu minne, ila mmoja ni tofali. Upande wa ukutani huketi Profesa, ambaye cheo hicho alipewa na mtaa, si na chuo chochote. Katikati huketi Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ulimi wake hauna. Mwishoni, karibu na mlango ili mteja asimpite, huketi Fundi mwenyewe. Zamani alifunga antena juu ya kila paa mtaani, na siku hizi, antena zikiwa zimeshuka, anatengeneza pasi, feni na chochote chenye waya. Shangazi Kahawa huweka jiko lake kando yao, huwanywesha wote, na hucheka bila kutoa sauti. Watatu hawa walikua pamoja, na siku hiyo Fundi alitoka ndani ya duka akiwa amebeba laptopu badala ya bisibisi. Akakaa, na kikombe chake hakukigusa.

— Fundi, kahawa inapoa.

— Iache ipoe, Shangazi. Jamani, mnaukumbuka mchezo wa kisima?

Wangeusahau vipi? Walipokuwa wanafunzi, mjomba wake Fundi aliyekuwa akifanya kazi nje alileta kompyuta ya nyumbani, ya kwanza mtaani. Ilikuwa kibao cheusi chenye vitufe, kidogo kama kopo la biskuti, kikichomekwa nyuma ya televisheni sebuleni. Programu zake ziliishi kwenye kaseti. Ulitia kaseti kwenye redio, redio ikalia kama paka aliyefungiwa kabatini, nanyi mkakaa kwenye zulia mkiomba isikwame. Ikikubali, kilitokea kijitu chenye kofia nyekundu, kimesimama ndani ya maji chini ya kisima, na kazi yenu ilikuwa kukipandisha jiwe kwa jiwe mpaka juu. Jina la mchezo liliandikwa kwa lugha ya watu. Wao waliuita Kisima, basi.

— Mchezo ule ulinifelisha hesabu, alisema Profesa.

— Hesabu ulifelishwa na hesabu, alisema Breki. Mimi nakumbuka vyura.

— Vyura! wote watatu walisema, na Shangazi akainua macho kwenye birika.

Vyura walikuwa katikati ya kisima, wakirukaruka kwenye ubao mwembamba, na hapakuwa na mtoto wa mtaa ule aliyewahi kuwapita. Waliokuja kujaribu kutoka mitaa ya jirani walirudi makwao vichwa chini.

— Wahenga hawakukosea, alisema Breki. Ukiona vyaelea, ni vyura.

— Vimeundwa! Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Uliviunda wewe? Basi nyamaza.

— Na nilisema tangu zamani, Profesa aliendelea, kisima kile hakina juu. Aliyekitengeneza aliishia kwenye vyura akaenda kulala.

Fundi aliwaacha wamalize. Kisha akawaeleza kwamba kompyuta ile ilikufa zamani, mvua iliingilia dirishani, lakini kaseti aliikuta kwenye katoni la vipuri. Ameisafisha, ameipitisha kwa waya mpaka kwenye laptopu, na amepata kiprogramu kimoja cha ajabu.

— Kinacheza mchezo?

— Hakichezi. Kinaupekua. Mle ndani mna picha, mna sheria, mna muziki, vyote vimerundikwa kama nguo kwenye beseni. Chenyewe kinatafuta muziki tu, kinauchomoa, kinauweka peke yake. Huna haja ya kupanda wala kufa. Unasikiliza.

— Kama kumtoa samaki miiba, alisema Shangazi.

— Hapo hapo, Shangazi. Ila huku unaitaka miiba.

Akabonyeza. Ukatoka muziki wa mwanzo, mwembamba, ti-ti-ti, kama mbu aliyekwenda shule. Breki aliyekuwa amefungua mdomo aliusahau wazi. Vidole vyake viwili vilianza kubonyeza goti, kushoto, kulia, kushoto.

— Nalisikia lile zulia, alisema Profesa polepole. Vumbi lake. Na ile soda tuliyogawana kwa zamu.

— Wewe ulikuwa unameza mara mbili.

— Nilikuwa na koo pana.

Fundi akabonyeza wa pili: noti nne zinazoporomoka, tororo-to. Wote wakacheka, maana huo ulikuwa wimbo wa kufa, na kwa jinsi walivyokufa, waliujua kuliko jina la mwalimu mkuu.

— Sasa sikilizeni huu, Fundi alisema. Hakucheka tena.

Wimbo wa tatu ulikuwa tofauti na wenziwe. Haukuwa na haraka. Ulipanda kidogo, ukashuka hatua moja, ukapanda tena, kama mtu anayepumzika njiani. Ulipokwisha, Profesa alitikisa kichwa.

— Huo haukuwamo.

— Umo. Kimeuchomoa mle mle.

— Basi sisi hatujawahi kuusikia.

— Nyinyi hamjausikia, alisema Fundi. Mimi naujua. Mama huuimba akianika nguo.

Breki akageuka kumtazama vizuri.

— Mama yako huyu huyu? Bi Mkubwa?

— Huyu huyu. Tangu niko mdogo. Asubuhi ulipotoka humu niligeuka nikidhani yuko nyuma yangu. Mnajua mimi wimbo huo nimewabembelezea wanangu wote? Nikawaambia ni wimbo wa nyumbani, bibi yenu aliupata kwa mama yake. Sasa nauliza: umefikaje kwenye kaseti?

Hapo ndipo benchi lilipopata kazi. Breki alianza, maana hajui kusubiri.

— Rahisi. Hicho kiprogramu chako ni fundi cherehani. Kimekuta vipande vimebaki, kimeshona wimbo. Na wewe kwa kumpenda mama yako ukasikia sauti yake. Mapenzi ni kikohozi.

— Hayawezi kufichika, ndivyo inavyomalizika, alisema Profesa. Haihusiani kabisa. Sikiliza, Fundi. Aliyetunga mchezo ule aliwahi kupita mtaani hapa. Alikuwa mgeni, amepotea njia, akasimama nyuma ya ua kuuliza. Bi Mkubwa anaanika, anaimba. Mgeni akaudaka wimbo, akaondoka nao. Wimbo umeibwa hapa! Jina la mama yako lilipaswa kuandikwa kwenye kaseti.

— Na akauficha pasipofikika, juu ya vyura? aliuliza Fundi.

— Mwizi haanzi kwa kuonyesha.

— Mficha uchi hazai, alisema Breki, na huyu kaficha halafu kazaa. Hapana. Nimeipata. Kompyuta ilichomekwa wapi?

— Kwenye televisheni.

— Televisheni ikachomekwa kwenye antena. Antena ikafungwa juu ya paa. Na waya wa kuanikia nguo ulifungwa wapi?

Fundi alifikiri.

— Kwenye mlingoti wa antena.

— Umeona! Breki alisimama, na benchi likayumba kwenye tofali. Wimbo umepanda antena, umeshuka kwenye waya, umeingia kwenye shuka mbichi, na Bi Mkubwa ameshika shuka kwa mikono miwili! Nguo ikilowa inapitisha. Amepigwa na wimbo kama umeme!

— Na majirani waliokuwa wakianika kwenye waya ule ule?

— Hao hawana sikio la muziki.

Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa ukingo wa khanga. Profesa alisema hiyo ni sayansi ya lori. Akaleta nyingine: kwamba duniani kuna wimbo mmoja tu wa kutoka kisimani, umo ndani ya damu ya kila mtu, na asiyeujua ni kwa kuwa hajawahi kutumbukia. Breki akamwambia basi ausimamie, auimbe. Profesa akasema koo lina mafua.

Fundi hakucheka. Kwake halikuwa jambo la mzaha. Katika vitu vyote alivyokuwa navyo, wimbo ule peke yake haukununuliwa wala kurithiwa kwa ugomvi. Alikuwa akiuona kama mkono wa bibi yake ambaye hakumjua. Kama ulitoka kwenye kaseti, basi bibi amepotea mara ya pili, na hajui apate nini badala yake.

— Na Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa adui wa mashine ile, Profesa alikumbusha. "Zimeni hicho kidude, kinakula umeme!" Alikuwa anakifunika kitambaa cha kufuma kama maiti.

— Ndiyo maana nawauliza nyinyi, alisema Fundi. Haiingii akilini.

Muda wote huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni na feni kwapani. Hakuna aliyemjua. Alikuwa amehamia mtaani karibuni, na alikuwa amesubiri kwa adabu mpaka subira ikachoka.

— Samahanini, kaka zangu. Nyinyi mchana mlikuwa wapi?

— Mchana gani?

— Wa enzi hizo.

— Shuleni, alisema Profesa kwa fahari.

— Na hiyo mashine mchana ilikuwa inabaki na nani?

Breki aliketi tena.  Profesa alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama kwenye machicha. Watu wazima watatu, wenye mvi, waliojadili shuka mbichi na damu ya binadamu, hawakuwahi kuufikiria mchana.

Fundi alikuwa amerudi utotoni. Alijiona akirudi kutoka shule siku ya mvua, viatu mkononi, akiegemeza mgongo kwenye televisheni. Ilikuwa ya moto. Alimwambia mama, naye mama akajibu akiwa jikoni kwamba jua limepiga dirishani. Naye, mtoto aliyetoka kulowa barabarani, alikubali.

— Dada, acha feni hapo, alisema, akainuka na laptopu yake.

Breki naye akainuka amfuate. Shangazi akamvuta shati.

— Kaa. Hilo si la benchi.

— Basi nimiminie nyingine.

Shangazi aliinamisha birika. Likatoa tone moja na mvuke.

Mama yake Fundi anaishi vyumba vya nyuma, ua mmoja na duka. Alimkuta mezani, miwani puani, akishona kifungo. Fundi hakujua aanzeje. Mtu hamuulizi mama yake swali kama hilo kila siku. Akaweka laptopu juu ya meza, akabonyeza.

Sindano ilisimama. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka.

— Umefika juu? aliuliza.



— Sijafika, Mama. Nimeutoa wimbo tu.

— Ahaa. Basi hujaona kitu.

— Mama, kumbe ulikuwa unacheza?

— Nyinyi mkishaenda shule na baba yenu kazini, nyumba inabaki na mimi na vyombo. Na vyombo vina mwisho.

— Na vyura?

— Vyura hawarukwi, mwanangu. Nyinyi mlikuwa na pupa. Nilikuwa nawaona kutoka jikoni, moyo unaniuma. Unasimama kwenye jiwe, unatulia tuli. Wanapita wenyewe.

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Alipofuta macho hakuwa na hakika kwamba yote yalikuwa ya kicheko.

— Ukatuacha tukifa miaka yote ile?

— Baba yenu alishasema ni ya masomo, asiiguse mtu mzima. Na tena... Mama alivuta uzi, akaukata kwa meno. Mlikuwa mnaingia mnakimbia, mnatupa mabegi, mnasema leo ndiyo leo. Ningewaambia juu kuna nini, mngekuwa mnakimbilia nini?

Mama alikivuta kifungo kuona kama kimeshika.

— Ila siku ile ya kwanza nilipotoka, alisema, nilitafuta wa kumwambia. Mikono imechoka kama nimebeba ndoo kweli. Nikatoka nje na beseni langu. Jirani alikuwa anaanika. Sasa ningemwambiaje? Jirani, nimetoka kisimani? Nikaanika nguo zangu, nikawa naimba tu.

Fundi alivuta kiti, akakaa karibu naye kama mtoto anayesubiri kukatwa kucha.

— Niambie mimi, Mama.

— Nikwambie nini, na wewe ni mzee mzima?

— Juu kuna nini.

Mama alichomeka sindano kwenye shati, akavua miwani, akaiweka mezani kwa uangalifu.

— Hapana. Hapaeleweki ukianzia juu, alisema. Tuanze chini, kwenye maji.