Historia ya Mama Deki, Mama wa Watoto Watatu au Saba

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, binti yake wa mwisho ndiye aliyepewa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu, na anaomba mumvumilie, kwa kuwa kuna mahali kwenye karatasi hii familia haijaelewana hadi asubuhi ya leo.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mama Deki, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya mashine ya kusaga, akasoma shule ya msingi hadi Desemba 1972, akaishia hapo kwa kukosa ada, akajifunza ushonaji, na kufikia mwaka 1980 alikuwa na duka lake lenye vyerehani vinne. Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto mwaka 1982, 1985 na 1991.

Januari 1996 alifunga duka akaenda kupiga deki mabweni ya chuo, wateja wakasema akili zimemruka, baba akasema huku ni kuuza ng'ombe ili ununue kamba, mpaka ilipojulikana kwamba mtoto wa mfanyakazi wa chuo hulipa nusu ada, na kweli watatu wote tukamaliza bila mkopo.

Kilichotuchanganya ni hiki. Juzi, hapa msibani, waliingia watu wanne tusiowajua, mpima ardhi, mwalimu, mfamasia na fundi wa lifti, wakimlilia mama kwa sauti, mpaka mjomba akauliza, "Jamani, mama yenu yupi? Dada yangu alizaa mara tatu, nepi zote nilifua mimi!" Mfamasia akasema, "Mjomba, shikamoo kwanza," kisha akaeleza kwamba kila mmoja wao, kwa mwaka wake, alikutwa kwenye ngazi za bweni na mzigo wake, amefukuzwa kwa ada, marehemu akamshika mkono hadi dirisha la malipo, karani akauliza huyu ni nani wako, naye akajibu, "Mwanangu."

Binti yake hajui aliite nini jibu hilo, maana mama yetu alimwita mwanangu kila aliyekuwa mdogo kwake, hata askari wa barabarani, na karani hakuuliza nani alimzaa, lakini swali mama alilielewa vizuri sana. Mjomba anataka isomwe watatu, kaka anahofu kwa kuwa mhasibu wa chuo amekaa safu ya mbele, na tangu juzi namba hiyo imeandikwa, imefutwa, imeandikwa tena.

Marehemu alistaafu mwaka 2018, akaanza kuugua figo Aprili 2022, akafariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 14 Juni 2024. Ameacha watoto saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani walioleta maji na viti, wafanyakazi wenzake waliobeba jeneza, na karani wa dirisha lile, popote alipo, kwa kutouliza swali la pili. Anayemdai marehemu aonane na watoto wake, na chuo nacho kikiona kuna nusu ada iliyobaki, kije, tupo saba.

Pumzika, Mama yetu, pumzika salama.