Pilipili Aliyeanza Kupenda kwa Mikono

Wachungaji, wafiwa wenzangu na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Pilipili, na kwa ulimi aliokuwa nao, hakuonewa kwa jina hilo.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi seremala, akamaliza shule ya msingi mwaka 1972, na mwaka 1979 akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alipanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na dereva wa lori, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 mwenzake wa kazi alimsingizia wizi wa mashuka, akavuliwa usimamizi, na hata mashuka yalipokutwa katika stoo nyingine, cheo hakikurudi. Dada alikuwa Mkristo, lakini jambo hilo lilimkaa kooni, akawa akisali Baba Yetu ananyamaza kwenye mstari wa kusamehe, kisha anaungana na wenzake mbele.

Mwaka 2006 yule mama aliyemsingizia alipigwa na kiharusi, mumewe akamkimbia, na dada aliposikia habari hizo kanisani, kesho yake alichukua beseni na sabuni, akaenda kumwogesha, ingawa mgonjwa mwenyewe aligeukia ukutani. Nilimuuliza amempenda lini, akanijibu, "Bado. Upendo si mafua, eti ukae tu yakupate. Naanza na mikono, moyo utanikuta njiani."

Haikuwa rahisi, siku nyingine waligombana na dada akaondoka bila kuaga, lakini kulipokucha alirudi na beseni lake, hadi asubuhi moja yule mama, kwa mdomo uliopinda, akasema, "Nilijua hukuiba." Dada alikamua kitambaa, akamwambia, "Najua. Haya, geuka nikupake mafuta." Njiani alilia, na tangu hapo hakuchagua tena mtu, akamjulia hali mlevi wa mtaani, mpangaji asiyeitikia salamu na jirani wa dini nyingine, akisema kuwapenda wapole tu, hata wapagani huweza.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akapigana nao bila kukata tamaa, hadi Bwana alipomtwaa tarehe 4 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Kwa wanaouliza kwa nini yule mama wa kiti cha magurudumu amekaa kati ya watoto wa marehemu, hayo ni maagizo ya dada mwenyewe, kwamba siku ya kuzikwa kwake akae na wafiwa, kwa kuwa naye amefiwa.

Dada, umechoka kwa haki, lala salama kwa Bwana.